Nani ni mwanakijiji katika Bonde la Kilombero?

Kijiji chenu kina watu wangapi? Swali linaonekana jepesi. Lakini kwa msikilizaji wetu wa Mofu, Namwawala au Mngeta, au wa ng'ambo ya mto kule Lupiro, jibu la Februari si jibu la Agosti. Februari mpunga uko majini, ndege wameanza kuvizia, na familia nyingi zimehamia shamba. Baba, mama na watoto wadogo wanalala kwenye dungu kilomita kadhaa kutoka nyumbani. Kijijini wamebaki wazee, wanafunzi walioachiwa bibi, na wenye maduka. Agosti mavuno yameshaingia ndani, wenye shamba wamerudi, harusi zinafuatana, na kule chini bondeni maji yamepungua, kwa hiyo wenye mifugo nao wamesogea kwenye majani mabichi.

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilifanyika tarehe 23 Agosti. Karani aliandika majina ya watu waliolala katika kaya usiku wa kuamkia siku hiyo. Ni utaratibu mzuri, kwa sababu unazuia mtu kuhesabiwa mara mbili. Kwa bonde letu maana yake ni kwamba picha ilipigwa wakati wa kiangazi, na mtu anayepanga dawa za malaria za mwezi Machi kwa kutazama picha hiyo anatakiwa kukumbuka kwamba Machi wale watu hawako pale.

Tumeamua kuandika habari hii kwa sababu hesabu ya watu wa kijiji si jambo la makarani peke yao. Inaamua idadi ya walimu na vyandarua. Inaamua kama kitongoji kitagawanywa. Na nyuma yake kuna swali jingine, zito zaidi, ambalo kwenye mikutano ya vijiji huzungumzwa kwa sauti ya chini: katika hao waliohesabiwa, nani hasa ni wa hapa?

Takwimu zinasema nini

Wilaya ya Kilombero ilikuwa na watu 321,611 katika sensa ya 2002. Mwaka 2012 walikuwa 407,880. Katika sensa ya 2022, ukijumlisha Halmashauri ya Mji wa Ifakara na Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, idadi imepita 580,000. Pima hatua hizo mbili. Miaka kumi ya kwanza wilaya iliongezeka kwa takriban asilimia 27, chini kidogo ya nchi nzima. Miaka kumi iliyofuata iliongezeka kwa zaidi ya asilimia 40, wakati Tanzania nzima, kutoka watu 44,928,923 hadi 61,741,120, iliongezeka kwa asilimia 37. Mkoa mzima wa Morogoro umekwenda kwa kasi hiyo hiyo ya kwetu: kutoka watu 2,218,492 hadi 3,197,104.

Watoto wengi wanazaliwa, ni kweli. Lakini bonde linapoizidi nchi namna hii, kuna watu wanaoingia. Na yeyote aliyesimama Ifakara stendi kwa saa moja anajua hivyo bila kuambiwa na takwimu. Daraja la Magufuli kwenye Mto Kilombero lilizinduliwa Mei 2018. Kabla yake tulikuwa tukisubiri kivuko, na kivuko kilishazama Januari 2016 na kupoteza maisha ya watu. Daraja limebadilisha bei ya gunia, bei ya ekari, na pia nani anaweza kufika Ulanga na Malinyi na mzigo wake wote kwa siku moja. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara nayo imeongeza mwendo.

Kitu kimoja katika takwimu hizi hakisemwi mara nyingi. Sensa ya 2012 ilifanyika Agosti. Kuelekea mwisho wa mwaka huo huo ikaanza Operesheni Okoa Bonde la Kilombero, ambayo iliondoa wafugaji na mifugo yao kwenye ardhi oevu. Wengi walikuwa wamehesabiwa hapa miezi michache tu kabla, wakapewa namba kwenye mlango, halafu wakaambiwa si pa kwao. Baadhi hawakurudi. Wengine walirudi baada ya msimu mmoja au miwili. Mtendaji aliyefungua kitabu cha sensa mwaka 2014 ili kujua ana watu wangapi alikuwa akisoma habari za kijiji ambacho kilishabadilika.

Waliokuwepo na waliokuja

Tukisema "wenyeji" wa bonde, kwanza tunawataja Wandamba, wavuvi na wakulima wa mpunga waliozijua njia za maji kabla ya kuwa na njia za nchi kavu. Mpaka leo ukitaka kitoga mzuri unamtafuta mtu wa kambi ya uvuvi. Lakini hata hapo mambo si rahisi. Wambunga, ambao leo hakuna anayewaita wageni Ifakara, walifika katika karne ya 19, wakati wa misukosuko ya Wangoni huko kusini. Wapogoro wameteremka kutoka milima ya Mahenge kidogo kidogo, wengine kwa ndoa, wengine kwa mashamba. Wabena wana historia ndefu ya utawala upande wa Utengule na Malinyi. Wahehe, Wangindo na Wangoni wamo. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 viliwasukuma watu huku na kule, na njaa iliyofuata ikawasukuma tena.

Halafu ikaja ajira. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kilipoanza miaka ya 1960 kilivuta wakata miwa kutoka mikoa mingi, na vijiji vya Kidatu, Mkamba na Sanje vikawa na lugha kumi uwanjani. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilileta vibarua. Wengi wao waliona ardhi, wakaoa, wakabaki Mlimba, Chita na Mang'ula. Sera ya vijiji vya ujamaa ya miaka hiyo hiyo iliwakusanya watu kando ya barabara na reli, na ndiyo maana vijiji vingi vyetu vina umbo la mkanda: nyumba zimejipanga kwenye njia, mashamba yamekwenda bondeni.

Wimbi linalozungumzwa sana leo lilianza miaka ya 1980 na kukua miaka ya 1990. Ni Wasukuma waliotoka Shinyanga na Tabora, wengine wakipitia Usangu, na pia Wabarabaig, Wamasai na Waparakuyo. Wafugaji walipoondolewa Ihefu, bonde la Usangu, mwaka 2006 na 2007, sehemu yao walielekea kwetu. Wanyakyusa walikuja zaidi kwa mpunga. Na tusisahau watu wa mjini wenye fedha, ambao hawahesabiwi kijijini kwa sababu hawalali kijijini, lakini ekari zao zipo.

Wasukuma hawakuleta ng'ombe tu, walileta plau. Kwa jembe la mkono familia ilikuwa ikilima ekari mbili au tatu na kuchoka. Kwa maksai wanne ekari kumi zinalimika. Wenyeji wengi leo wanakodi plau ya jirani Msukuma, na jirani huyo anawalipa kina mama wa kijijini kwa palizi na kuvuna. Wanategemeana kuliko wanavyokiri kwenye mkutano. Tumesikia mara nyingi mtu akilalamikia "hawa watu" asubuhi na jioni akaenda kwa mmoja wao kukodi ng'ombe.

Makazi nayo yanatofautiana. Mkulima wa zamani anakaa kwenye mkanda wa kijiji, karibu na shule na zahanati. Mfugaji anajenga mji wake mbali, penye nafasi ya zizi. Matokeo yake ni kwamba vitongoji vya pembezoni, ambavyo zamani vilikuwa na nyumba chache, sasa vina watoto wengi kuliko katikati ya kijiji. Shule ya msingi iko kilomita nane, mto katikati. Baadhi ya vijiji vimejenga shule shikizi, wazazi wakichangia tofali na nguvu. Vingine bado vinabishana kama kitongoji kile ni halali au la, na mtoto wa miaka saba hawezi kusubiri ubishi huo uishe.

Kaya moja au tatu?

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo hesabu nyingi zinapoharibika. Kaya kwa maana ya sensa ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, wenye chungu kimoja. Mzee mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake na jiko lake ndani ya mji mmoja: je, ni kaya moja au tatu? Kwa kanuni ya chungu ni tatu. Lakini ukipita na daftari haraka, ukamkuta mzee amekaa chini ya mwembe, utaandika moja, kwa jina lake. Vyandarua vinapogawiwa kwa kaya, wake wawili wanabaki bila kitu, na watoto wao pia. Kinyume chake kipo: familia yenye nyumba kijijini na dungu shambani inaweza kuandikwa mara mbili na watu wawili tofauti.

Bonde letu lina bahati ambayo vijiji vingi vya Afrika havina. Tangu 1996 Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo mizizi yake ni maabara ndogo ya Waswisi iliyoanza miaka ya 1950, imekuwa ikifuatilia watu wa vijiji kadhaa vya Kilombero na Ulanga nyumba kwa nyumba. Kwa miaka mingi wadadisi walirudi kwenye kaya ile ile kila baada ya miezi minne wakiuliza: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia, nani amehama. Wengi wenu mnazikumbuka baiskeli zao na mafaili yao. Kazi hiyo ndiyo iliyosaidia kuonyesha, mwishoni mwa miaka ya 1990, kwamba chandarua chenye dawa kinaokoa maisha ya watoto wadogo, na habari hiyo ilitoka hapa ikasambaa duniani. Pia watafiti walizifuata familia hadi kwenye madungu, wakaona jinsi watu wanavyoishi huko wakati mbu ni wengi na zahanati iko mbali.

Kabila haliandikwi

Msikilizaji anaweza kushangaa kwa nini, pamoja na makarani wote hao, hakuna karatasi ya serikali inayosema Kiberege ina Wandamba wangapi na Wasukuma wangapi. Sababu ni kwamba sensa ya Tanzania haiulizi kabila. Mara ya mwisho iliuliza kabila na dini mwaka 1967. Baada ya hapo maswali hayo yaliachwa, kwa nia ya kujenga taifa moja.

Nchi nyingine zimefanya vingine. Kenya iliuliza kabila katika sensa ya 2019 na kutangaza matokeo, na kila mara matokeo hayo huzua mjadala wa nani ana kura ngapi. India inakwenda mbali zaidi. Huko sensa hutoa taarifa za kijiji kimoja kimoja: idadi ya kaya, watoto wa hadi miaka sita, wanaojua kusoma, wanawake kwa wanaume, na hata wangapi wanatoka katika matabaka yaliyobaguliwa kwa karne nyingi, kwa sababu viti na nafasi za shule hutengwa kwa ajili yao. Lakini India yenyewe haijafanya sensa tangu 2011. Ile ya 2021 iliahirishwa, na serikali yao imetangaza kwamba itakamilika 2027 na kwamba itahesabu matabaka yote, jambo ambalo halijafanyika kikamilifu tangu 1931. Wahindi wanabishana vikali kuhusu hilo. Wanaounga mkono wanasema huwezi kumsaidia mtu usiyemhesabu. Wanaopinga wanasema ukishamwandika mtu tabaka lake, umemfunga humo.

Sisi tunaona Tanzania ilifanya vizuri kuacha swali la kabila. Lakini kutoandika hakujaondoa hesabu, kumeihamishia kichwani. Mwenyekiti wa kitongoji anajua idadi yake bila daftari, na mgombea anajua. Na kwa kuwa haiko kwenye karatasi, inakuzwa: utasikia "wametuzidi mara mbili" mahali ambapo ukihesabu milango unaona si hivyo.

Sheria inamtambuaje mwanakijiji

Katiba yetu, ibara ya 17, inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi mahali popote katika Jamhuri ya Muungano. Hilo halina ubishi. Lakini kuishi na kupata ardhi ni mambo mawili.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inasema mwanakijiji ni mtu ambaye kwa kawaida anaishi kijijini, au anayetambuliwa hivyo na halmashauri ya kijiji. Soma tena sentensi hiyo. Haitaji kabila, haitaji alikozaliwa babu. Inataja kuishi, na inataja kutambuliwa. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na haiwezi kugawiwa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji wenye miaka 18 na kuendelea.

Sasa tazama kinachotokea bila hayo. Mtu anafika na ng'ombe wake. Mwenyeji mmoja anamuuzia ekari tano kwa karatasi ya daftari la shule, mashahidi wawili, fedha mkononi. Mkutano mkuu haujui. Miaka sita inapita, mnunuzi amezaa hapo, amechangia darasa, amepiga kura. Kisha mpaka unapimwa, ekari zile zinaonekana ni malisho ya kijiji au ziko ndani ya hifadhi, na aliyeuza ameshakula fedha. Huyo mnunuzi anaitwa mvamizi. Aliyeuza haitwi kitu. Katika migogoro yote tuliyoitangaza, hili ndilo linalotukera zaidi.

Upande wa pili una uchungu wake. Kijana wa Kindamba aliyezaliwa Mofu anakodi shamba kila msimu katika kijiji cha babu yake, kwa sababu ardhi ya ukoo iliuzwa kipande kipande wakati wa ada na magonjwa. Ng'ombe wakiingia kwenye mpunga wake usiku, fidia huchukua miezi, na mara nyingi wazee wanamshauri apokee kidogo yaishe. Hofu yake kwamba siku moja mkutano mkuu utakuwa na watu wengi wasiomjua si chuki tu. Ina sababu.

Wanawake wako katika pande zote mbili na mara nyingi hawaonekani katika hesabu yoyote. Jina kwenye daftari ni la mume. Akifariki, mjane anaweza kuambiwa na ndugu wa mume kwamba yeye alikuja kwa ndoa, si mwanakijiji. Sheria hiyo hiyo ya 1999 inakataa mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, na baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba linatakiwa kuwa na wanawake wasiopungua watatu. Wakati wa mpango wa kupima ardhi uliopita Kilombero, Ulanga na Malinyi kuanzia 2016, wanandoa wengi waliandikwa wote wawili kwenye hati ya hakimiliki ya kimila. Wenye hati hizo leo wana kitu cha kuonyesha.

Mpaka wa pori

Mwaka 2023 sehemu ya bonde ilitangazwa kuwa Pori la Akiba la Kilombero. Kabla yake lilikuwa pori tengefu, na ardhi oevu yetu iliingia kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2002. Serikali ina sababu nzito: sheshe, mnyama ambaye kwa miaka mingi bonde hili lilikuwa na kundi lake kubwa kuliko mahali pengine popote, amepungua sana, na zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji, ambako limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, yanatoka huku. Ndani ya pori la akiba hairuhusiwi kuishi, kulima wala kuchunga.

Kwa hiyo mstari wa mpaka unapopita katikati ya kitongoji, watu wanaondoka kwenye hesabu ya kijiji bila kuhama. Waliohesabiwa hapo Agosti 2022 bado wako kwenye jumla ya wilaya, lakini wanatafuta pa kukaa, na mara nyingi pa kukaa ni kijiji cha jirani ambacho tayari kina mgogoro wake. Halmashauri za vijiji vinavyowapokea zinahitaji kuliona hili mapema, kwa sababu watu hao watahitaji zahanati na shule kabla ya sensa nyingine, ambayo kwa utaratibu wa kila miaka kumi itakuwa 2032.

Kilicho mkononi mwa kijiji kwa sasa ni daftari la wakazi. Kila kitongoji kinatakiwa kuwa na lake, na kila anayehamia anatakiwa kuripoti kwa mwenyekiti akiwa na barua kutoka kijiji alikotoka. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu, na mwanakijiji yeyote anaweza kuomba daftari lisomwe hapo: waliozaliwa, waliofariki, waliohamia. Kama umehamia na hujaandikwa, au kama wewe ni mjane na jina lililopo ni la marehemu, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla mvua hazijaanza. Zikianza, yeye naye atakuwa shamba.